Ukuta Hufia Juu

Kwenye mjengo wananiita Profesa. Si kwa heshima. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo imenishinda, nikiwa nasomea historia. Mjomba aliponichukua niwe mtu wake wa mkono, alinitambulisha kwa mafundi wenzake kwa sentensi moja tu: "Huyu amesoma hadi karibu amalize." Wakacheka, na jina likanganda.

Siku hizi naandika nikipata kazi ya kuandika, na nisipopata nachanganya simiti. Insha hii imetoka kwenye kazi zote mbili. Inahusu ukuta mmoja wa bustani huko Karen, Nairobi, ukuta uliopinda, na mawe ambayo tuliyalaza juu yake mara mbili kwa sababu mara ya kwanza tuliharibu.

Mwenye nyumba alitaka ukuta kati ya bustani yake na SQ. SQ mnaijua. Ni herufi mbili tunazozitamka bila kukumbuka kirefu chake, yaani makao ya watumishi. Yale ya hapa yalikuwa chumba kimoja na choo, uani, na mbele yake kamba ya nguo. Ukuta ungekuwa robo duara, kimo cha mtu, ukizunguka ua huo ili anayekaa bustanini asione kamba ile wala kilichoanikwa juu yake. Tungejenga kwa mawe ya Ndarugu ya inchi tisa, tupige plasta na rangi, kisha juu tufunike kwa mazeras.

Mazeras pia mnaijua hata kama hamjui kama mnaijua. Ni lile jiwe la njano na kahawia ambalo mmelikanyaga kwenye njia za mikahawa na vibaraza vya watu wenye pesa. Limepewa jina la Mazeras, mji mdogo ulio bara kidogo kutoka Mombasa, kando ya reli. Ni mchanga wa zama za dinosauri uliogandamana ukawa jiwe, na kwa kuwa ulilala tabaka juu ya tabaka, fundi akilipiga vizuri linapasuka bapa kama kitabu kinachofunguka. Ndiyo maana watu hulipenda kwa sakafu. Na ndiyo maana linafaa juu ya ukuta, ikiwa mtu anajua anachofanya.

Mjomba ana msemo wake: "Ukuta hufia juu." Watu wengi huogopa msingi. Lakini msingi ukishachimbwa sawa, unakaa kimya ardhini miaka na miaka. Adui anakuja na mvua, anatua juu ya ukuta, anatafuta ufa. Akiingia, anashuka ndani kwa ndani. Utaona plasta ikitoka malengelenge, rangi ikibambuka, halafu siku moja kipande kizima kinaanguka na watu wanasema msingi ulikuwa mbaya.

Kwa hiyo jiwe la juu ni kofia. Lazima liwe pana kuliko ukuta, litokeze sentimita tatu au nne kila upande. Lazima liinamie upande mmoja, au pande mbili, maji yasikae. Na chini ya ule ukingo unaotokeza, fundi anayejiheshimu huchonga mfereji mwembamba kwa grinda. Tone la maji hutambaa chini ya jiwe kurudi ukutani. Likifika kwenye mfereji linashindwa kuvuka, linadondoka chini, na plasta inabaki kavu.

Kwenye ukuta ulionyooka hiyo ni kazi ya siku moja. Kwenye uliopinda kuna hesabu. Ukuta wetu ulikuwa na unene wa karibu sentimita 23. Ongeza nne kila upande, kofia inakuwa na upana wa sentimita 31. Upande wa ndani wa mpindo ulikuwa mita nne kutoka katikati ya duara, kwa hiyo urefu wa robo duara upande huo ni karibu mita 6.28. Upande wa nje ni karibu mita 6.77. Tofauti ni karibu nusu mita, kwenye ukuta uleule, kofia ileile. Hiyo nusu mita haiendi popote. Ukiwa na mawe kumi na sita, kila moja lazima liwe na sentimita 42 upande wa nje na 39 upande wa ndani, ukitoa nafasi ya viungo. Yaani kila jiwe lichongwe mithili ya kabari.

Sisi hatukuchonga. Mwenye nyumba alikuwa na haraka, alikuwa na wageni. Tulilaza mawe ya mraba kama yalivyotoka kwenye lori, yakabanana upande wa ndani na kuachana upande wa nje, na kila nafasi ya pembetatu iliyobaki tukaijaza simiti. Kwa macho ya wageni ilikuwa fiti. Tena mwenye nyumba alitoa agizo moja: mawe yainamie uani, maji yasije yakachafua upande wa bustani. Tukainamisha uani.

Mvua za Machi zilipokuja, simiti ilifanya kile simiti hufanya ikiwa nene mahali pamoja na nyembamba pengine. Ilipasuka. Kufikia Mei mawe mawili yalikuwa yanacheza, na plasta ya upande wa SQ ilikuwa imevimba. Mama anayekaa mle ndani, ambaye tangu siku ya kwanza alikuwa akituletea chai, alitupokea bila chai. Alimwambia mjomba, "Fundi, mvua ikinyesha kwenu, kwangu inanyesha mara mbili." Alituonyesha. Maji ya ukuta mzima yalikuwa yanamiminika mbele ya mlango wake. Kamba ya nguo, ambayo zamani ilipata jua la asubuhi hadi saa sita, sasa ilikuwa kivulini na kwenye tope.

Malipo ya mwisho yakazuiwa hadi turekebishe kwa gharama yetu. Mjomba alikaa siku mbili bila kuongea. Mimi nikafanya kile hujua kufanya: nikaingia kwenye simu kusoma.

Nilianza na swali dogo: nani wa kwanza aliyeandika kuhusu kofia ya ukuta? Simjui wa kwanza, lakini nilimpata wa zamani. Vitruvius, mjenzi na mwandishi wa Roma, aliandika vitabu kumi vya ujenzi zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Kwenye kitabu cha pili anazungumzia kuta za matofali mabichi, yale ya udongo yasiyochomwa. Anashauri kwamba juu ya ukuta, chini ya vigae, pajengwe tabaka la matofali ya kuchoma, kama futi moja na nusu kwenda juu, na litokeze nje. Sababu yake ni ileile ya mjomba: vigae vikivunjika au vikipeperushwa na upepo, lile tabaka litarusha matone mbali na ukuta. Nilimsomea mjomba. Akasema, "Huyo alikuwa fundi." Akarudi kwenye kimya chake.

Halafu nikakumbuka Gedi. Wengi wetu tulipelekwa huko na shule, au tuliona picha kwenye kitabu cha darasa la tano: mji wa mawe msituni, karibu na Malindi, ulioachwa kufikia karne ya 17. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Paa lilipokuwapo na chokaa ikipakwa upya, zilisimama. Watu walipoondoka, hakuna aliyetengeneza juu. Maji yakaingia, mbegu zikafuata maji, mizizi ikafuata mbegu. James Kirkman alipoanza kuchimba huko mwaka 1948 ilibidi auchomoe mji kutoka ndani ya msitu. Ukuta hufia juu, hata ukuta wa kisultani.

Lakini Gedi ilinishika kwa sababu nyingine. Mji ule una kuta mbili, moja ndani ya nyingine. Ndani ya ukuta wa ndani kuna jumba la mfalme, msikiti mkuu na nyumba za mawe. Kati ya ukuta wa ndani na wa nje ndipo yalipokuwa makazi ya watu wengine, nyumba za udongo na makuti, ambazo hazikuacha chochote kinachosimama. Leo mtalii anapiga picha upande wa mawe. Upande wa udongo anaupita akidhani ni msitu mtupu. Kwa hiyo hatukuletewa kila kitu na mkoloni. Kuta za kutenganisha nani yuko wapi tulizijua.

Hapo swali langu likabadilika. Nikaacha kuuliza kofia ya ukuta ilitoka wapi, nikaanza kuuliza ukuta wa bustani uliopinda umewahi kujengwa kwa ajili ya nini.

Jibu la kifundi ni rahisi. Chukua karatasi uisimamishe mezani, itaanguka. Ikunje kidogo iwe na mpindo, itasimama. Ukuta ni vivyo hivyo. Kule Suffolk, mashariki mwa Uingereza, kuna kuta nyingi za bustani zinazokwenda kwa mawimbi kama nyoka, na nyingine zina unene wa tofali moja tu. Mpindo unafanya kazi ambayo ukuta ulionyooka ungehitaji unene au nguzo kuifanya. Ukuta unarefuka, lakini jumla ya matofali inapungua.

Jibu lingine liko Marekani, tena chuoni. Thomas Jefferson, yule aliyeandika mwaka 1776 kwamba watu wote wameumbwa sawa, alianzisha Chuo Kikuu cha Virginia, mjini Charlottesville, mwaka 1819. Alichora ramani yake mwenyewe. Nyuma ya nyumba za maprofesa aliweka bustani, na kuzizunguka bustani hizo akaweka kuta za mawimbi, unene wa tofali moja. Ni nzuri. Watalii huzipenda. Nyingi za zile zinazoonekana leo zilijengwa upya karne ya 20.

Ila tukisema "bustani" tunawaza maua. Wakati ule, nyuma ya kuta hizo ndipo kazi ilipofanyika: kupika, kufua, kupasua kuni, kufuga nguruwe na kuku. Na waliofanya kazi hiyo walikuwa watumwa. Jefferson mwenyewe, katika maisha yake, alimiliki watu zaidi ya 600. Chuo chenyewe sasa kinakadiria kwamba watu wapatao 4,000 waliokuwa utumwani walikijenga na kukihudumia hadi mwaka 1865. Walifinyanga matofali, wakayachoma, wakayapanga. Kisha ukuta walioujenga ukawazuia wasionekane na wanafunzi waliokuwa wakisoma falsafa upande wa pili.

Nilisoma hayo nikiwa nimekaa juu ya mfuko wa simiti, huko Karen, kando ya kamba ya nguo.

Sitaki kurahisisha. Mama wa SQ si mtumwa. Ana mshahara, ana siku ya kupumzika, anaweza kuacha kazi. Lakini SQ haikushuka kutoka mbinguni. Jirani hapo, shamba la kahawa la Karen Blixen liliuzwa mwaka 1931 na kukatwa viwanja vya makazi. Nairobi ya wakati huo Mzungu aliishi huku, Mhindi kule, na Mwafrika alikuwa mjini kwa sababu ya kazi. Tangu 1920 hivi, kila mwanamume Mwafrika mtu mzima alilazimika kubeba kipande, wengi wakikining'iniza shingoni ndani ya kibati, kimeandikwa ameajiriwa na nani. Ukipika kwa Mzungu, ulilala nyuma kwa Mzungu. Kile chumba cha nyuma ndicho kiliruhusu mtu awe karibu vya kutosha kuitwa usiku, na mbali vya kutosha kutoonekana mchana. Uhuru ulikuja 1963, kipande kilikuwa kishaondoka, wenye nyumba wakabadilika. Wachora ramani za nyumba hawakubadilisha chumba.

Kuna ukuta mwingine ambao umekuwa ukinijia akilini, na huu nimeugusa kwa mkono. Thimlich Ohinga iko kaunti ya Migori, karibu kilomita 46 kutoka mji wa Migori. Ni boma za mawe zilizojengwa, inavyokadiriwa, karne ya 16, na mwaka 2018 ziliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kwa Kijaluo, ohinga ni boma la mawe, na thimlich ni msitu mnene wa kutisha. Kuta zina kimo cha mita moja na nusu hadi zaidi ya nne, unene wa wastani wa mita moja, na hakuna tone la chokaa wala udongo wa kushikanisha. Kuna ngozi mbili za mawe makubwa, nje na ndani, na kati yake mawe madogo ya kujaza. Mpindo upo kila mahali. Utatafuta kona hadi uchoke.

Pale maji si tatizo lilelile. Ukuta usio na simiti unayaacha yapite, yanachuja katikati ya mawe na kutoka chini. Kinachoogopwa juu ni jiwe moja kutoka mahali pake, kwa sababu kila jiwe limeshikwa na uzito wa jirani zake. Mtu akipanda, ng'ombe akisukuma, mti ukiangusha tawi, jiwe la juu linatoka, la pili linalegea, na baada ya misimu michache una lundo. Jamii mbalimbali, moja baada ya nyingine, ziliishi ndani hadi karne ya 20, na haiwezekani kuta zile zingesimama muda wote huo bila mikono ya kurudisha jiwe lililodondoka. Hakuna jina la mjenzi hata mmoja lililoandikwa pale. Lakini ndani ya mpindo ule kulikuwa na nyumba na zizi pamoja, wazee, watoto, ng'ombe. Lango ni fupi. Anayeingia, awe nani, anainama.

Hiyo kwangu ndiyo tofauti, na sikuipata darasani. Kuta zote hizi zimepinda, na zote zinahitaji mtu wa kuzitunza juu. Ila mpindo wa Thimlich ulikumbatia waliokuwa wakiutunza. Ule wa Charlottesville uliwafukuza machoni. Mwaka 2020 chuo kile kilimaliza kujenga mnara wa kumbukumbu ya wale watumwa. Nao ni ukuta uliopinda, wa granaiti, duara lililoachwa wazi, na ndani yake yamechongwa majina yanayojulikana. Wengine wanajulikana kwa kazi au undugu tu. Na waliopotea kabisa wana alama kwenye jiwe, mkato mmoja kwa kila mtu.

Siku ya tatu mjomba aliongea. Alisema, "Toa yote."

Tukatoa. Tukakwangua simiti ya zamani, tukamwagia ukuta maji, tukaanza upya. Kwanza akapigilia msumari katikati ya duara. Kwa kuwa ukuta uliuzunguka ua, katikati hiyo iliangukia mguuni pa nguzo ya kamba ya nguo. Akafunga uzi kwenye msumari, akauvuta hadi juu ya ukuta, akanionyesha: kila kiungo kati ya jiwe na jiwe lazima kifuate uzi, kielekee kwenye msumari. Ukikosea kimoja, jicho litajua hata kama mtu hajui. Tulikata kartoni ya kipimo, 42 kwa 39, tukaichora juu ya kila jiwe, nikashika grinda. Vumbi la mazeras ni la njano. Linakaa kwenye kope siku tatu.

Tulipanga mawe yote kumi na sita makavu kwanza, bila simiti, tukayasogeza kidogo kidogo hadi yakakubaliana. Baadaye tukayainua moja moja na kuyalaza, mjomba akigonga kwa mpini wa nyundo, sikio likiwa karibu. Jiwe lililokaa vizuri hutoa sauti nzito. Lenye upenyo chini yake hulia kama debe.

Ukifanya kazi hiyo unasimama juu ya jukwaa, kifua kikiwa sawa na ukingo wa ukuta. Ni mahali pa ajabu. Kushoto nyasi zilizokatwa, viti vyeupe, mbwa amelala. Kulia beseni, sufuria, sare ya shule ya mtoto ambaye hakai hapo, imeletwa kushonwa. Mwenye bustani haoni kulia. Mama haoni kushoto. Mpaka jiwe la mwisho likae, fundi ndiye anaona kote, halafu anashuka, analipwa, anaondoka. Nadhani ndiyo maana historia ya kuta tuliyosomeshwa ina wenye kuta tu.

Ilibaki mwinamo. Mwenye nyumba alikuwa amesema uani. Mjomba aliweka pima-maji juu ya jiwe la kwanza, akatia kabari chini ya upande wa uani, kiputo kikahama. Jiwe likainamia bustani.

Nilimwangalia. "Mjomba, alisema..."

"Nilisikia alichosema."

Jioni mwenye nyumba alikuja kukagua. Alipitisha kiganja juu ya mawe, akapenda viungo, akauliza kwa nini mwinamo umegeuka. Mjomba hakutoa hotuba. Alivua kofia yake, akaonyesha ule mstari wa maua uliopandwa chini ya ukuta upande wa bustani, na kusema, "Maua yanataka maji, mkubwa. Mlango hautaki. Na hapa chini ya ukingo nimekata mfereji, plasta yako haitaguswa."

Mwenye nyumba alifikiria kidogo. Akalipa.

Jua la kamba ya nguo hatukuweza kulirudisha. Ukuta ni ukuta, na tuliujenga sisi. Lakini mvua za vuli zilipoanza nilipita pale kuchukua karai tuliyoisahau, na maji yalikuwa yanadondoka upande wa maua, tone baada ya tone, mstari mmoja uliopinda. Mlango wa SQ ulikuwa wazi na kizingiti kilikuwa kikavu. Mama alinipa chai.